Sura ya Tisa: Shoka Lililotoka Jekundu

Tarehe tatu Aprili, mwaka 1996, Sajenti Immaculata Kipeta alizika shoka jipya na jembe bovu kwenye jaruba la mpunga la marehemu, na kwa wiki tatu kituo kizima cha polisi kikamcheka. Walimuuliza kama mpunga wa serikali umeshachanua. Walimuuliza kama atavuna kwa panga au kwa mundu. Mkuu wake wa upelelezi, Inspekta Salvator, hakucheka. Alimkumbusha tu kwamba Alhamisi ya tarehe ishirini na tano mtuhumiwa anapakiwa kwenye gari kwenda Sumbawanga kusubiri Mahakama Kuu, shoka liote lisiote, maana Ijumaa ni sikukuu ya Muungano na hakuna dereva atakayekubali kusafiri. Immaculata alijibu, "Sawa, afande," akaendelea kuchonga penseli yake. Alikuwa mwanamke mpole, lakini kazi yake aliionea fahari, na mimi simlaumu. Anayeona haya kujivunia kazi yake, ukimchunguza utakuta haifanyi vizuri.

Kesi yenyewe ilikuwa imekaa vizuri kwenye jalada, tena vizuri mno. Ponsian, mkulima wa mpunga aliyetoka Mpimbwe akafungua majaruba bondeni nje kidogo ya Sitalike, alikutwa amekufa Jumatatu ya tarehe tano Februari, amepigwa shoka kisogoni kwenye kibanda chake cha kulindia ndege. Mwezi Januari ng'ombe wa Mwandu, mfugaji wa Kisukuma, walikuwa wamekanyaga mpunga wa Ponsian, na wawili hao walirushiana maneno gulioni mbele ya watu wote. Mwandu akakamatwa tarehe saba. Silaha haikuonekana kwa wiki sita. Halafu tarehe ishirini na moja Machi, Thadei, shemeji wa marehemu, akiwa anapalilia jaruba, mguu wake ukakanyaga kitu kigumu, akavuta, likatoka shoka. Mpini wake ulikuwa umechomwa alama ya ng'ombe wa Mwandu, mistari miwili na duara.

Mwandu alipoonyeshwa shoka mahabusu, alilitazama mara moja akasema, "Hilo si langu." Alama iko pale, kila mwenye macho anaiona, na mtu anakana. Basi ikaandikwa kwamba ni mwongo, na jalada likafungwa kwa kamba.

Immaculata alilifungua kwa sababu ya neno moja. Katika maelezo ya Thadei, ukurasa wa pili, aliona imeandikwa: "Nikavuta, likatoka jekundu lote kwa kutu." Alisoma neno *jekundu* mara tatu. Babu yake alikuwa myeyusha chuma huko Ufipa, mtu wa tanuru la udongo lililompita yeye mwenyewe kimo. Wanawake hawakuruhusiwa kulisogelea tanuru lile likiwaka. Wasichana wa ukoo waliachiwa kazi ya kusugua majembe kwa mchanga, na Immaculata alisugua mpaka viganja vikaota sugu. Jembe lililosahaulika nje mvuani alilijua kwa rangi yake. Lililosahaulika kwenye tope la bondeni alilijua pia, na rangi zake hazikufanana hata kidogo.

Lakini hakimu hawezi kupewa viganja vya mjukuu wa mhunzi kama ushahidi. Akaenda kwa Mwalimu Alex, aliyefundisha kemia sekondari, akamuuliza sababu. Mwalimu akafurahi, maana hakuna mtu aliyewahi kumtembelea kwa ajili ya kemia. Alichukua chupa mbili na misumari miwili. Chupa ya kwanza akaijaza maji ya kawaida. Ya pili akaijaza maji aliyoyachemsha yakatoa hewa yote, juu yake akamwaga mafuta ya kula ili hewa isirudi. Baada ya siku tano msumari wa kwanza ulikuwa umeota kutu nyekundu, na wa pili ulikuwa unang'aa bado. Maji peke yake hayatoshi, mwalimu akasema, lazima na hewa iwepo.

Halafu akamweleza lililo muhimu zaidi. Kutu nyekundu ni chuma kilichoshiba hewa, kwa hiyo kimetulia. Iache juani, iache mvuani, rangi yake haibadiliki. Ila ukiifukia kwenye tope lililojaa maji, vijidudu vya tope vinainyang'anya ile hewa, na siku zikienda inageuka nyeusi. Na ule weusi nao, ukiutoa nje, hautulii, kwa sababu una njaa ya hewa. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya hospitali haizioni moja moja, na kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo hewa inavyozifikia upesi. "Gogo na vumbi la mbao vyote ni mti," mwalimu alisema. "Weka kiberiti uone kipi kinatangulia." Immaculata alimwomba ayaandike yote hayo kwenye karatasi na kutia sahihi.

Kabla ya kuzika shoka na jembe alikwenda mahabusu kumhoji Mwandu upya. Hakumuuliza kama shoka ni lake. Alimuuliza kwa nini si lake.

"Langu halina kutu," Mwandu alijibu. "Nalipaka samli kila jioni. Baba yangu alikuwa anapaka, na mimi napaka."

"Liko wapi hilo la samli?"

"Thadei aliliazima kwangu mwezi wa kwanza, akakate miti ya kujengea. Hajarudisha. Aliyenihoji mwanzo hakuniuliza habari ya kuazima. Aliuliza tu, ni lako au si lako."

Thadei alipoulizwa alikana kuazima chochote kwa mfugaji. Likawa neno la huyu na neno la yule, na yule wa pili alikuwa kwenye pingu. Ndipo Immaculata akaenda kununua shoka jipya.

Jumatano ya tarehe ishirini na nne, saa tatu asubuhi, Land Rover ya polisi ilisimama juu ya bonde. Immaculata alikuwa amewaita watu wachache tu. Alikuwepo Inspekta Salvator na viatu vyake vilivyopigwa rangi. Alikuwepo mzee Lyamba, mwenyekiti wa kitongoji, mkulima wa mpunga tangu utoto. Alikuwepo Thadei na mkewe Lucia, dada wa marehemu, aliyekuwa bado amevaa nguo nyeusi. Mwandu aliketishwa nyuma ya gari na askari mmoja, mlango ukiwa wazi, aone kila kitu. Lyamba aliwaambia wapite upande wa kushoto, maana upande wa kulia viboko wa mto Katuma walikuwa wamebomoa kingo.

Jaruba lilikuwa limejaa maji hadi chini kidogo ya goti. Katikati kilisimama kijiti chenye kamba na lakiri. Immaculata alimwita mwenyekiti aikague ile lakiri na kusema kama ndiyo ile iliyowekwa mbele yake tarehe tatu. Lyamba akaikagua akasema ndiyo, haijaguswa. Inspekta akatazama saa.

Hakuwa na haraka, Immaculata. Alimgeukia Thadei kwa heshima zote, akamwomba asimulie tena namna alivyolikuta shoka, kwa sababu, alisema, ushahidi wake ndio uti wa mgongo wa kesi nzima. Thadei alipenda kusikia hivyo. Alikuwa mtu wa Kapalamsenga, kando ya ziwa, muuza dagaa aliyeoa Sitalike, mwenye sauti ya kupita ngoma. Akasimulia vizuri, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa.

"Na ulipolitoa tu, kabla hujaliosha, kabla hujaliweka chini, lilikuwa rangi gani?"

"Jekundu, afande. Jekundu lote."

"Huwezi kuwa umekosea? Tope ni tope."

Thadei alicheka kidogo. "Afande, mimi nimekulia ziwani. Chuma kikilala majini nakijua kinavyotoka. Nanga ya baba yangu ilikaa mwaka mzima chini, tukaivuta nyekundu kama tofali. Wengine hapa wanajua ng'ombe na mpunga. Mimi habari ya chuma majini usinifundishe."

Immaculata aliandika hayo yote bila kuruka hata nanga. Mzee Lyamba alifungua mdomo aseme kitu, akaufunga. Immaculata aliona.

Akamwomba Thadei, kwa kuwa ndiye mzoefu, aingie jarubani alivute lile shoka la serikali. Thadei akakunja suruali, akaingia, akainama, akavuta.

Likatoka jeusi. Lilikuwa jeusi linalokwenda kwenye kijani, kuanzia makali hadi kwenye tundu la mpini, na lilinuka yai viza. Thadei alilishika mbali na mwili wake, akaligeuza upande wa pili kutafuta wekundu. Upande wa pili ulikuwa mweusi vilevile.

"Wiki tatu ni chache," alisema. "La yule Msukuma lilikaa sita."

"Pengine," Immaculata alijibu. "Na pengine la Mwandu lilikuwa na kutu tangu mwanzo, kabla halijafukiwa. Si ndivyo wakili wa serikali atakavyoniuliza? Ndiyo maana nilizika na jembe. Mwenyekiti, lile jembe nilipolizika lilikuwaje?"

Lyamba alisema lilikuwa bovu, limeliwa na kutu nyekundu tupu, hata yeye alishangaa serikali imelitoa wapi. Thadei akaambiwa alivute. Likatoka jeusi nalo. Kutu yote ya juu iliyoingia nyekundu ilikuwa imegeuka, na tope lililoshika juu yake lilikuwa na rangi ya masizi.

Hapo mzee Lyamba alishindwa kujizuia. "Lakini nyie mnashangaa nini? Jaruba hili kila kitu kinatoka cheusi. Miguu yangu inatoka myeusi. Jembe langu nikilisahau siku kumi linatoka jeusi. Mtoto wa hapa anajua hilo. Mimi siku ile nilisikia tu limepatikana shoka, hakuna aliyeniambia limetoka jekundu. Ningeuliza."

Inspekta Salvator alishuka kwenye kingo. Viatu vyake viliingia tope na hakuviangalia. Alilichukua shoka, akalinusa, akaliweka juu ya nyasi karibu na jembe. Wakasimama wakizungumza habari za lakiri na tarehe, na zikapita dakika kama ishirini. Lucia ndiye aliyeona kwanza. Alinyoosha kidole. Ngozi ya lile shoka jeusi ilikuwa inabadilika rangi mbele yao, kwanza kahawia, halafu pembeni karibu na makali ikaanza kuwa nyekundu.

Thadei akapata sauti yake tena. "Mnaona sasa? Mnaona? Limekuwa jekundu lenyewe. Ndivyo lilivyokuwa na lile. Nilipoliona nililiona jekundu, basi. Kosa langu nini?"

Hoja ilikuwa nzuri. Inspekta alimtazama sajenti wake kwa jicho la mtu aliyeanza kuamini na sasa hana uhakika. Kesho asubuhi gari linaondoka. Nyuma ya Land Rover, Mwandu alikuwa ameinamisha kichwa, maana na yeye aliona wekundu ule. Na mimi nikwambie kweli, mpelelezi wa kawaida angeishia hapo. Immaculata alikuwa anaisubiri hoja hiyo tangu asubuhi.

Alichukua kitambaa cheupe mfukoni, akamwomba Inspekta apitishe kidole gumba juu ya ule wekundu mpya, mara moja tu. Inspekta akapitisha. Wekundu wote ukahamia kwenye kidole, unga laini kama pilipili ya kusaga, na chini yake chuma kikabaki cheusi na laini, hakijaliwa. Akafuta kidole kwenye kitambaa. Kikabaki na doa.

"Huo ndio wekundu wa tope lililopata hewa," Immaculata alisema. "Umri wake ni dakika ishirini. Sasa tuone ule mwingine."

Akafungua kielelezo mbele ya wote. Lilikuwa shoka lililotolewa jarubani tarehe ishirini na moja Machi, kwenye nailoni ileile, lenye lakiri ileile. Inspekta akapitisha kidole. Kidole kikatoka safi. Akakwaruza kwa kucha, halafu kwa ufunguo wa gari, na ndipo gamba moja likabanduka, nene, lenye matabaka, na chini yake kulikuwa na shimo kwenye chuma.

"Unaweza kusema limeota kutu stoo," Inspekta alisema, lakini alisema polepole.

"Afande, jioni ile ile uliandika kwa mkono wako mwenyewe. *Shoka lenye magamba ya kutu.* Ukurasa wa tano. Magamba hayo hayaoti kwa saa nane. Yanahitaji maji na hewa pamoja, wiki nyingi. Na humu topeni hakuna hewa, umeona mwenyewe. Lingekaa humu wiki sita lingetoka jeusi, liwe liliingia safi au liliingia na kutu. Kwa hiyo halikukaa humu wiki sita. Limeota kutu mahali pengine, penye maji na hewa, halafu likaletwa humu siku moja au mbili kabla ya kupatikana."

Akageuza ukurasa wa daftari lake ingawa hakuhitaji kusoma.

"Tarehe kumi na tisa na tarehe ishirini Machi, afande, Mwandu alikuwa wapi?"

Inspekta Salvator alikohoa. "Kwangu," akasema. "Chumba namba mbili. Tangu tarehe saba Februari."

Thadei alikuwa bado amesimama ndani ya maji. Akasema, bila ile sauti yake ya kupita ngoma, kwamba huenda mtu mwingine aliliweka, yeye atajuaje, yeye alilikuta tu. Immaculata akamwambia kwamba inawezekana. Akamwambia pia kwamba mtu aliyeliweka alitaka lionekane limelala majini siku nyingi, na alijitahidi, alilipikia kutu nzuri ya kutosha. Kosa lake ni moja. Aliipika kutu ya mtu wa ziwani, ambako maji ni meupe, yanachezwa na mawimbi na kujaa hewa, na nanga inatoka nyekundu. Mkulima wa bondeni asingefanya kosa hilo.

Lucia alikuwa ameketi kwenye kingo. Akainuka.

"Ni debe," alisema.

Thadei akamwita jina lake, Lucia, mara moja.

Immaculata aliinua mkono. Alimwambia Lucia taratibu kwamba sheria haimlazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, na kama hataki kusema hakuna atakayemgusa. Alimwomba afikiri kwanza.

"Silazimishwi," Lucia alijibu. "Ponsian ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Lilikuwepo debe nyuma ya jiko, debe la mume wangu la kuoshea dagaa, amelifunika bati. Maji mekundu. Nikamuuliza, akasema analoweka misumari, dawa ya kuku. Nikayachota nikawanywesha kuku wangu. Wageni wa arobaini ya kaka yangu niliwapikia pembeni ya debe hilo. Arobaini ilipokwisha, kesho yake likamwagwa." Akavuta kanga yake nyeusi mabegani, akamgeukia Thadei. "Halafu ukaniambia majaruba ya kaka sasa tutalima sisi, kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume. Nikakuona una huruma."

Thadei alitazama maji yaliyomfika chini ya goti, kisha akatoka mwenyewe kwenye jaruba na kunyoosha mikono. Miguu yake ilikuwa myeusi tii kwa tope.

Pingu ilikuwa moja tu. Inspekta akaenda nyuma ya Land Rover, akaifungua mikononi mwa Mwandu na kuja kuifunga mikononi mwa Thadei. Kisha akaagiza askari akalichukue lile debe nyuma ya jiko, kwa hati na mbele ya mwenyekiti. Akamwendea Immaculata, akasimama mbele yake na viatu vyake vilivyoharibika. Hakuwa mtu wa kusifu watu. Alimuuliza ni chuo gani kilichomfundisha mambo haya, kwa sababu yeye amepita chuo cha polisi Moshi na hakuyasikia.

"Wanawake wa kwetu hawakuruhusiwa kusogelea tanuru, afande," Immaculata alisema. "Tulipewa kusugua."

Inspekta alitikisa kichwa. Halafu akachukua kile kielelezo, akampelekea Mwandu aliyekuwa anasugua vifundo vya mikono yake, na akafungua jalada ukurasa ule wa kwanza, ule ulioandikwa kwamba ni mwongo.

"Mwandu," alisema. "Nakuuliza mara ya pili. Shoka hili ni lako?"

Mwandu aliutazama mpini, akaipapasa alama ya ng'ombe wake kwa kidole, mistari miwili na duara. Akalitazama lile bapa lililoliwa. Machozi yalimlenga, na hakuyaficha.

"Ni langu," alisema. "Mlinionyesha kutu, nikaikana kutu. Shoka la baba yangu sikulikana hata siku moja. Mkimaliza nalo mahakamani nirudishieni, na asilisugue mtu. Nitalisugua mwenyewe."

Inspekta Salvator alikata mstari wa zamani kwa kalamu, akaandika maneno hayo chini yake kama yalivyosemwa, na Sajenti Immaculata akatia sahihi kama shahidi.